Kidole cha Mama Kwenye Wosia

Mwaka wa korona nilimdanganya mama yangu mara mbili. Uongo wa kwanza niliusema kwa simu, nikiwa nimekaa kwenye kochi langu mjini Voi. Wa pili niliusema ana kwa ana, kisha nikaushika mkono wake. Watu walioijua habari hii yote ni wawili, mama mwenyewe na dada yangu, na mama sasa amelala kaburini. Watoto wangu hawaijui. Wao wanajua kwamba baba yao alimtunza bibi yao vizuri, maana ndivyo ilivyosemwa siku ya mazishi, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikisikiliza.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Shule zilipofungwa nilibaki na siku ndefu zisizokuwa na kengele wala daftari za kusahihisha. Mama alikuwa kijijini kwetu Mwanda, juu kwenye milima ya Taita, pamoja na dada yangu aliyenizidi miaka minne. Sisi tulizaliwa wawili tu. Dada alirudi nyumbani ndoa ilipomshinda, na wakati ule mama bado alikuwa na nguvu, akilima maharagwe na viazi kwenye matuta kama msichana. Kisha akateleza mlangoni pa jiko siku ya mvua, nyonga ikaumia, na tangu hapo akawa mtu wa kushikiliwa. Dada ndiye aliyemwinua asubuhi, akamwosha, akampeleka chooni, akamkalisha juani. Mimi nilituma sukari, majani ya chai na sabuni, na nikawaambia walimu wenzangu kwamba ninamtunza mama.

Wiki chache baadaye mama alinipigia.

"Nimesikia redioni shule bado zimefungwa," alisema. "Basi sasa utakuja ukae siku nyingi."

"Mama, barabara zimefungwa."

"Hata za huku?"

"Zote. Polisi wako kila mahali."

"Basi kaa huko huko, mwanangu. Usije ukakamatwa kwa sababu yangu."

Iliyokuwa imefungwa ni njia ya kwenda Mombasa. Ya kwetu ilikuwa wazi. Magari ya Wundanyi yalipanda kila siku, yamebeba nusu ya abiria na nauli imepanda, lakini yalipanda. Nilijiambia kwamba ninamkinga. Mzee kama yule, nikimpelekea ugonjwa je? Na wasiwasi huo ulikuwa wa kweli, sikatai. Lakini chini yake kulikuwa na jingine. Krismasi iliyotangulia dada aliniomba nikae na mama siku mbili ili yeye aende Taveta kumwona binti yake aliyejifungua. Nilikaa nusu siku. Mama aliniita nimsaidie kuinuka, na nilipomshika kwapani nikasikia jinsi mifupa yake ilivyokuwa myepesi, nikasikia na harufu ya mkojo, nikaita jirani. Jioni nikashuka Voi, nikisema nina mkutano. Dada hakwenda Taveta. Korona ilipokuja nilipata mlango wa kujifichia ambao hakuna mtu angeweza kuulaumu.

Jirani yetu wa Mwanda, mama mmoja anayeuza kabichi, alikuwa akishuka sokoni Voi kila Jumanne. Siku moja alinikuta nikichagua nyanya.

"Mwalimu," akasema, barakoa imemteremka kidevuni, "mama yako anasema barabara zimefungwa."

Nikaendelea kuchagua nyanya.

"Mimi nimeshuka leo asubuhi," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umefunga vifungo vya shati vibaya. Nikanunua kilo mbili za sukari, nikampa ampelekee mama, na kumwomba amwambie mambo yatakapolegea nitakuja. Akaipokea ile sukari. Sijui alimwambia nini.

Miezi ikapita hivyo. Kisha baba wa mwalimu mwenzangu akafariki, na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni wakamzika kabla ya saa nne asubuhi, sisi tukitazama kutoka mbali. Udongo haujashindiliwa vizuri, watoto wake wakaanza kurushiana maneno juu ya shamba, pale pale kando ya kaburi, kwa sauti ambayo barakoa hazikuweza kuizuia. Mzee hakuwa ameandika chochote.

Nilirudi nyumbani nimeshtuka, na hapa ndipo aibu yangu inapoanza hasa. Mtoto mwema angemwogopea mama yake. Mimi niliogopea shamba. Nilipofikiria mama akikohoa, nilichokiona akilini si uso wake. Niliona yale matuta, kisima kidogo cha chini, miti ya mbao ya baba, na nyumba ya mabati. Shamba lilikuwa limeandikwa kwa jina la mama tangu baba alipofariki.

Nilikuwa na rafiki, karani wa wakili, tuliyesoma naye. Nilimfuata ofisini kwake. Alinikalisha ng'ambo ya meza, dirisha wazi, vumbi la barabara kuu likiingia.

"Mama asipoandika wosia itakuwaje?" nikamuuliza.

"Sheria inawahesabu watoto wote sawa. Wa kike na wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa."

"Hata yule aliyekwisha kuolewa akarudi?"

"Hata huyo. Kwani dada yako ana shida gani?"

Nikasema hana shida, nauliza tu. Lakini moyo ulikuwa umeruka. Mimi nilikua nikijua kwamba shamba ni la mwana wa kiume. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Nililijua tu, kama ninavyojua mkono ninaolia chakula. Nikamwomba aniandikie wosia. Akauandika kwa Kiingereza, ukurasa mmoja na nusu. Shamba lote na nyumba vilikuja kwangu. Dada angeweza kuishi ndani ya nyumba hiyo, mradi mwana wa kiume aridhie. Maneno hayo nilimtajia mimi mwenyewe. Karani aliinua macho, akaniangalia, akaendelea kuandika.

"Usomewe mama kwa lugha anayoielewa," akaniambia akinipa. "Na mashahidi wawili wawepo, wamwone akitia sahihi. Niite siku hiyo, nitapanda na mwenzangu."

Sikumwita. Nilipanda Mwanda peke yangu siku iliyofuata. Tazama jinsi barabara zilivyofunguka.

Nilifika saa sita, nikijua kwamba saa hizo dada huwa kule chini akikata majani ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa umeondoka. Mama alikuwa barazani juani, amevaa sweta na kujifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili.

"Mama, hapana," nikasema. "Korona. Tusishikane."

Akaishusha. "Kweli, nimesahau," akasema, akacheka kidogo, kama mtu aliyefanya kosa mbele ya wageni.

Nilisimama hatua kadhaa mbali naye, tukaulizana habari. Akataka kujua polisi wamewaruhusu lini. Nikasema jana. Kisha nikatoa karatasi kwenye bahasha.

"Mama, kuna fomu za serikali. Za kuwasaidia wazee wakati huu wa ugonjwa. Wanataka kidole chako tu."

"Kidole? Mimi najua kuandika jina langu."

Na alijua. Alisoma ngumbaru wakati mimi nilikuwa darasa la pili, tukikaa meza moja na taa moja, yeye na mimi tukizikunja herufi zile zile. Jina lake aliliandika kila mahali: ndani ya Biblia, ndani ya kitabu cha nyimbo, chini ya kigoda chake. Baba alikuwa akimtania kwamba siku moja ataliandika kwenye ng'ombe.

"Mikono yako inatetemeka," nikamwambia. "Kidole kinatosha."

"Nipe kalamu nijaribu."

Nikatazama njia ya kule chini. "Hizi ni fomu za kidole, mama."

Nilikuwa nimekuja na kibao cha wino wa zambarau kutoka shuleni, kile tunachopigia mihuri. Nikasogea, nikaushika mkono wake. Ulikuwa na joto la jua. Nikakibonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye karatasi, mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza kilitoka kama doa. Hakuuliza kitu. Aliniachia mkono kama anavyouachia mtoto anayekatwa kucha. Kisha nikarudi nyuma, nikatoa sanitaiza mfukoni, nikajimiminia, nikajisugua viganja na vidole, mbele ya macho yake. Sikukumbuka hata kumpa kitambaa ajifute wino.

Dada alipotokea na mzigo wa majani kichwani alikiona kile kidole kabla ya kuniona mimi.

"Hiyo ni nini?"

"Ndugu yako ameniandikisha kwa serikali," mama akamjibu.

Dada akautua mzigo, akanitazama. Akasema atapika ugali, nikasema siwezi kukaa, korona, si vizuri kula pamoja. Nikashuka.

Nilimpelekea karani ile karatasi kesho yake asubuhi ili atie sahihi kama shahidi. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Alisomewa?"

"Alielewa."

"Mwalimu, sikukuuliza hivyo." Akanirudishia. "Mimi sikumwona akiweka kidole. Siwezi. Na hii, hata ukipata wa kuitia sahihi, ukija mtu wa kuipinga itaanguka."

Niliondoka nimekasirika. Nakumbuka vizuri kwamba nilikasirika, na kwamba nilimwona yeye kuwa ndiye mbaya. Karatasi nikaiweka kwenye kabati, chini ya ramani za darasani, nikiwaza ni nani mwingine angekubali.

Wiki mbili baadaye simu zikaanza. Kwanza mama: "Wale watu wa serikali wamesemaje?" Nikamwambia avumilie. Kisha mama mmoja mzee wa kanisani kwao, ambaye alinifundisha Shule ya Jumapili nikiwa mdogo. Mama yangu alikuwa amewaambia wenzake kwamba mwanawe amemwandikisha kwenye msaada wa wazee. Yule mama aliniomba nimwandikishe na yeye. "Mimi sina mtoto mwalimu," akasema. Alinitajia namba yake ya kitambulisho, tarakimu moja moja, polepole ili nisikosee. Nikajifanya naandika. Nikasema, "Sawa, mama, nimeipata." Siku hiyo hiyo wakapiga wengine wawili. Nikazima simu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba.

Aliyekuja baada ya hapo ni dada. Hakunipigia kwanza. Nilisikia hodi, nikamkuta mlangoni na mfuko wa viazi, barakoa ameishona mwenyewe kwa kitambaa cha leso kuukuu. Nikamwekea kiti cha plastiki barazani, nami nikakaa mbali. Hakugusa chai.

"Nimemuuliza naibu wa chifu," akasema. "Hakuna orodha kama hiyo iliyofika kwetu. Ile karatasi ilikuwa ya nini?"

Ningeweza kuongeza uongo mwingine. Ulikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimwona alivyovaa: zile raba zake za kwenda shamba, zimeoshwa na kupakwa chokaa nyeupe kwa ajili ya safari ya mjini. Nikaingia ndani nikaitoa karatasi chini ya ramani.

Dada alimaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko changu tulipokuwa vijana. Aliusoma ukurasa wote, akageuza, akasoma na ile nusu. Alipofika mahali fulani akasimama, akarudia kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, "Mradi mwana wa kiume aridhie." Kisha akaikunja.

"Ungeridhia?" akaniuliza.

"Dada, ningekufukuza mimi?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Nikaanza kueleza habari za yule mzee aliyezikwa, watoto waliogombana, sheria, korona. Akaniacha niseme mpaka nikachoka mwenyewe.

"Mama amenikataza nisikugombeze," akasema akiinuka. "Amesema ulikuwa na haraka. Lakini utapanda umwambie kwa mdomo wako. Mimi sitakubebea hilo."

Nilipanda siku ya tatu. Dada alinipisha, akaenda zizini. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mama, karibu kuliko nilivyowahi kukaa tangu ugonjwa uingie, nikamwambia. Nilimwambia yote mawili, la barabara na la karatasi. Nilizungumza nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilipomaliza, kuku wawili walikuwa wamepanda barazani na hakuna aliyewafukuza.

"La barabara niliambiwa na mama wa kabichi," akasema. "Na hiyo karatasi nilijua si ya wazee."

"Ulijuaje?"

"Serikali ingetaka kitambulisho changu. Wewe hukuniuliza kitambulisho."

"Sasa mbona uliweka kidole?"

Aliwatazama wale kuku.

"Ulikuwa umenishika mkono," akasema. "Muda wote huo ni dada yako tu aliyekuwa akinigusa, na yeye ananigusa akiniosha. Nikaona acha ashike."

Nikamuuliza, basi kwa nini aliwaambia akina mama wa kanisani.

"Nilitaka iwe kweli. Nilifikiri nikiisema mbele ya watu labda utaona haya, uifanye iwe kweli."

Nimeshakemewa na watu wengi maishani, na mwalimu mkuu mmoja aliwahi kunifokea mbele ya wanafunzi. Hakuna lililowahi kuniingia kama hilo. Nilimwomba msamaha. Akasema amesamehe, na akaniomba nimsaidie kuingia ndani kwa sababu jua limehama. Nilimshika kwapani nikamwinua. Sikuita jirani.

Mwezi uliofuata mama aliita watu. Walikuja wazee wawili wa ukoo, naibu wa chifu, na rafiki yangu karani pamoja na mwenzake, wote na barakoa zao, viti vimetawanywa uani. Karani ndiye niliyemleta, kwa sababu mama aliniagiza. Mama alisomewa wosia mpya kwa Kidawida, lugha yetu, sentensi kwa sentensi, na mara mbili akakatiza akarekebisha. Matuta ya juu, yaliyo karibu na barabara, yalikuwa yangu. Nyumba, zizi na sehemu ya chini yenye kisima ni za dada, wala hakuna aliyehitaji kuridhia. Kisha akaomba kalamu. Aliandika jina lake lote. Ilimchukua muda mrefu, karatasi ikichezacheza, dada ameishikilia ukingoni, na sote tukangoja.

Halafu mzee mmoja wa ukoo akasimama. Akasema siku hizi vijana wanangoja wazazi wafe ili wagombane, lakini hapa tumeona mwana wa kiume ambaye mwenyewe amemletea mama yake wataalamu na hakumwonea dada yake. Akaniomba nisimame watu wanione. Nikasimama. Karani alitazama viatu vyake. Mama alitazama mbele tu, uso mtulivu, na dada akainuka akaenda kuleta chai. Ningeweza kusema neno moja pale. Nilisema, "Asanteni."

Akina mama wa kanisani niliwaendea mmoja mmoja, nikawaambia orodha ile ilifutwa. Huo nao ni uongo, sijui niuhesabu wa ngapi. Yule aliyenifundisha Shule ya Jumapili alinishukuru kwa kujaribu.

Mama aliishi miaka miwili zaidi. Hakufa kwa korona. Alizidi kuwa mwepesi, mpaka asubuhi moja ya kiangazi dada alipompelekea uji akakuta ameshakwenda. Katika miaka hiyo miwili nilipanda Jumamosi nyingi. Si zote. Nilijifunza kumgeuza kitandani, kumlisha, na hata kumwosha miguu, ingawa mengine dada hakuniachia na mimi sikung'ang'ania. Zilikuwepo Jumamosi ambazo mvua ilinyesha nikashukuru kwamba imenyesha. Kwenye mazishi mhubiri alirudia maneno ya yule mzee wa ukoo, sasa yakiwa yameongezewa chumvi, na watu wakaitikia.

Mwaka huu tulimaliza mambo ya hati za shamba. Nilimsindikiza dada kwenye ofisi ya ardhi, nikadhani atanipa makaratasi niyapitie, mimi ndiye niliyezoea maofisi. Alitoa miwani yake mpya kwenye mkoba, akaingia peke yake, nami nikangoja kwenye benchi la nje pamoja na watu wengine. Alipotoka tulikwenda kula. Aliagiza ugali na sukuma, akala kwa hamu, akanieleza kwamba atapanda viazi kule chini mvua zikianza, na kwamba atahitaji watu wa kuinua matuta yaliyobomoka.

"Nitakuja Jumamosi," nikamwambia.

Akapangusa mdomo, akatabasamu kwa upole, kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

"Haya," akasema. "Ukipata nafasi."